Nambari za Kirumi katika Karatasi za Nyumba Zetu

Katika nyumba nyingi za hapa Bomani na vijiji vya jirani kuna bahasha au mfuko ambao mama huuweka sandukuni chini ya nguo. Ndani yake mna vyeti vya ubatizo na vya ndoa, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto, na pengine hati ya kiwanja. Karatasi hizo hazitolewi kila siku. Hutolewa siku ya haja, na siku ya haja mtu hana nafasi ya kuketi na kujifunza kusoma alama asizozijua. Nasi twataka kunena habari ya alama ndogo zilizomo katika karatasi hizo, ambazo wengi huzipita kwa macho kana kwamba ni mapambo ya mwandishi: I, V, X na wenzao, yaani nambari za Kirumi.

Mzee mmoja tunayemfahamu alitaka kuandikishwa apate kitambulisho cha taifa. Cheti chake cha ubatizo kilisema amezaliwa 4.XI.1951. Mjukuu wake, kijana mwenye kusoma vizuri, akamjazia fomu na kuandika tarehe nne mwezi wa tisa. Karani alipolinganisha fomu na cheti akaona hazipatani, akamrudishia mzee karatasi zake zote. Mzee akapanda gari kurudi kwake, na baada ya juma moja akalipa nauli tena. Taabu hiyo yote ilitokana na kijiti kimoja. Kikisimama kushoto kwa X, mwezi ni wa tisa. Kikisimama kulia kwake, mwezi ni wa kumi na moja.

Basi yafaa kwanza tujue jinsi nambari hizi zinavyojengwa. Herufi zake ni saba tu. I ni moja, V ni tano, X ni kumi, L ni hamsini, C ni mia, D ni mia tano, M ni elfu. Herufi kubwa ikitangulia na ndogo ikifuata, huongezwa: VI ni tano na moja, ndiyo sita. Ndogo ikitangulia kubwa, hutolewa: IV ni tano kasoro moja, ndiyo nne. Lakini si kila ndogo yaweza kuitangulia kila kubwa. I hutangulia V na X tu. X hutangulia L na C tu. C hutangulia D na M tu. Kwa hiyo tisini na tisa haiandikwi IC, ingawa ni fupi na yapendeza, bali huandikwa XCIX, yaani tisini kisha tisa. Tena herufi moja hairudiwi zaidi ya mara tatu mfululizo. Herufi V, L na D hazirudiwi kamwe, maana V mbili ni X, na kwa nini kuandika mbili palipo na moja?

Mtu akitaka kujizoeza haraka bila kitabu, na aingie katika kanisa la Wakatoliki lolote lenye picha za Njia ya Msalaba ukutani. Vituo ni kumi na vinne, na kwa desturi juu au chini ya kila picha pameandikwa nambari yake kwa Kirumi, tangu I hata XIV. Mtoto aliyezunguka kanisa pamoja na wazee siku za Ijumaa za Kwaresima amekwisha kupita mbele ya IV na VI, mbele ya IX na XI, kwa utaratibu wake, na kila moja ina picha ya kumkumbusha. Twawajua wazee wasiosoma kitabu ambao wakiulizwa IX hujibu mara moja, kwa kuwa ni kituo ambacho Yesu anaanguka mara ya tatu. Lakini angalieni: zile herufi nne juu ya msalaba, INRI, si nambari. Ni mianzo ya maneno manne ya Kilatini, maana yake Yesu Mnazareti Mfalme wa Wayahudi. Tumekwisha kuulizwa mara nyingi ni ngapi, na jibu ni kwamba N na R hazimo kabisa katika zile herufi saba.

Namna hii ya kuhesabu si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Mtu asiye na karatasi akitaka kukumbuka idadi ya mizigo au ya siku, hukata alama kwenye mti, moja moja. Na akiona zimekuwa nyingi hata macho yanachanganyikiwa, hukata alama nyingine tofauti kwa kila tano au kila kumi. Wataalamu wengi hudhani ya kwamba I, V na X za Warumi zilianza hivyo hivyo, kwa mikato ya kisu kwenye fimbo. Na hiyo tano iliyo nguzo ya hesabu yao ndiyo mkono wa mtu. Jirani zetu Wakisii, wakitaka kutaja sita, husema isano na rimo, tano na moja. Saba ni isano na ibere, tano na mbili. Nane ni isano na isato. Hizo ndizo VI, VII na VIII zinazosemwa kwa mdomo. Na Mjaluo wa Rorya akisema abiriyo, yaani saba, mwenye sikio husikia ndani yake abich, tano, na ariyo, mbili. Kiswahili chenyewe kilikuwa na maneno yake ya kale, kisha kikachukua sita, saba na tisa kutoka kwa Waarabu. Na jina la kale la saba limebaki kwetu katika fungate ya arusi tu.

Sasa turudi katika tarehe, kwa maana hapo ndipo penye madhara makubwa. Mwingereza huandika siku kwanza, kisha mwezi. Mmarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Hapa Mara tuliwapata wote wawili kwa wakati mmoja: serikali ilikuwa ya Mwingereza, na mapadre wa Maryknoll, waliofika Musoma mwaka 1946, walitoka Marekani. Kabla yao walikuwapo Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa White Fathers, waliofungua misioni ya Nyegina mwaka 1911, nao walitoka katika nchi mbalimbali za Ulaya. Basi mtu akikuta katika karatasi ya kale 4/9/1950, atajuaje kama ni siku ya nne ya mwezi wa tisa au siku ya tisa ya mwezi wa nne? Hawezi kujua, asipomjua aliyeandika. Tarehe ikiwa 25/9 hakuna shaka, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano. Lakini siku kumi na mbili za kwanza za kila mwezi zaweza kugeuzwa.

Ndiyo sababu watu wa nchi kadhaa za Ulaya, kama Poland na Hungary, walizoea kuuandika mwezi kwa Kirumi na kuiacha siku katika tarakimu za kawaida: 4.IX.1950. Hapo hakuna mgogoro, hata mtu akipenda kutanguliza mwezi, kwa maana sura yake yajulisha kwamba huo ndio mwezi. Hata wataalamu wa mimea na wadudu huandika hivyo kwenye vikaratasi vya vitu walivyokusanya, ili mtu wa nchi nyingine asikosee. Nasi twaona desturi hii yatufaa kuliko inavyowafaa Wazungu wenyewe, kwa kuwa katika Kiswahili twaita miezi kwa hesabu. Mzungu akiona IX lazima akumbuke jina Septemba. Sisi twasoma tu, mwezi wa tisa.

Tena hilo jina Septemba lina mtego wake. Kwa Kilatini septem ni saba, octo ni nane, novem ni tisa, decem ni kumi. Maana zamani sana mwaka wa Warumi ulianza mwezi wa Machi. Mwanzo wa mwaka ukahamishwa, majina yakabaki pale pale. Katika vitabu vya kale vya Ulaya vilivyoandikwa kwa Kilatini, makarani walifupisha Septemba kwa kuandika 7bris, na Desemba kwa kuandika Xbris. Msomaji wa leo akiona X husema mwezi wa kumi, kumbe ni wa kumi na mbili. Mtu akitafuta habari za mmisionari wa zamani katika vitabu vya namna hiyo, na ajihadhari.

Baada ya tarehe twaja kwa majina ya watu wakubwa. Nambari ya Kirumi ikifuata jina la mtawala, hutenga mtu na mtu. Ng'ambo ya ziwa, Kabaka Mutesa I si Mutesa II: wa kwanza ndiye aliyewapokea wageni wa Ulaya katika karne ya 19, wa pili alihamishwa na Waingereza mwaka 1953, akarudi mwaka 1955, akafa London mwaka 1969. Kilimanjaro alikuwapo Mangi Mkuu Thomas Marealle II, aliyesimikwa mwaka 1952. Papa Yohane Paulo II ndiye aliyeitembelea Tanzania mwezi wa tisa mwaka 1990, akafika hata Mwanza. Na mwaka 2025 Papa mpya alipochagua jina la Leo, akawa Leo XIV, kwa kuwa Leo XIII alikuwa amefariki mwaka 1903. Wasomaji wachache walituuliza XIV ni ngapi. Tukawaonyesha kituo cha mwisho cha Njia ya Msalaba.

Katika mikebe ya mabibi zetu zimebaki bado senti za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati. Zitazameni vizuri. Nyingine zina jina GEORGIVS V. Hapo V imeandikwa mara mbili, na kazi zake ni mbili: katika jina ni herufi, kwa kuwa Warumi hawakutofautisha U na V, baada ya jina ni nambari, Joji wa Tano. Mfalme huyo alikufa mwezi wa kwanza mwaka 1936. Akafuata mwanawe Edward VIII, aliyeacha ufalme mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo huo, kabla hajavikwa taji. Akaja ndugu yake, Joji wa VI. Wafalme watatu kwa mwaka mmoja! Na Uingereza kwenyewe hazikutolewa sarafu za Edward kwa matumizi ya watu, lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zilipigwa zenye jina lake, EDWARDVS VIII, kwa kuwa hazikuhitaji sura ya mfalme, bali jina tu kuzunguka lile tundu. Mwenye senti kama hiyo asimpe mtoto aichezee.

Lakini wazazi wengi watatuambia ya kwamba habari za wafalme si zao. Wao wataka kujua habari za shule. Ni haki yao. Tangu zamani za Mwingereza madarasa yaliandikwa kwa Kirumi: darasa la IV, ambapo wengi waliishia, na darasa la VIII, ambalo mwenye kulimaliza alihesabiwa kuwa msomi. Baadaye, baada ya Uhuru, shule ya msingi ikawa ya miaka saba, na neno darasa la VII likawa la kila nyumba. Sasa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeelekeza elimu ya msingi iwe ya miaka sita, yaani kijiti kimoja kinaondolewa katika VII.

Matata yapo katika matokeo ya mtihani wa kidato cha IV. Baraza la Mitihani la Tanzania hupanga watahiniwa katika madaraja ya I, II, III na IV. Wapo wazazi wanaosikia mtoto wa jirani amepata I na wa kwao amepata IV, wakafurahi ya kwamba wa kwao amezidi kwa tatu. Sivyo. Katika kila somo A huhesabiwa pointi moja, B mbili, C tatu, D nne na F tano. Kisha huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlishwa. Kwa hiyo aliyepata A katika masomo yote saba ana pointi 7, na aliyeshindwa yote ana 35. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la I. 18 hadi 21 ni la II. 22 hadi 25 ni la III. 26 hadi 33 ni la IV. Pointi chache ndizo bora, kama mshindi wa mbio anavyokuwa na dakika chache. Na mzazi asichanganye IV mbili: kidato cha IV ni mwaka wa masomo, daraja la IV ni kiasi cha kufaulu, nazo zaweza kukaa katika mstari mmoja wa karatasi moja.

Mwenye pointi 34 au 35 je? Huyo huandikiwa 0. Tazameni jambo hili, maana watu hulipita bila kulishangaa: madaraja manne ni ya Kirumi, la tano si la Kirumi. Wenye kupanga hawakuwa na la kufanya, kwa kuwa Warumi hawakuwa na alama ya sifuri. Iliwalazimu kuichukua katika hesabu nyingine. Matokeo ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mwezi wa pili mwaka 2013, yaliwapa 0 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima, kilio kikawa kikubwa, na baadaye serikali ikaamuru yapangwe upya. Kwa miaka michache iliyofuata madaraja yaliondolewa, ukatumika wastani wa alama pamoja na majina mengine. Lakini mwaka 2016 iliamriwa madaraja yarudi, na I hata IV na ile 0 zikarudi pamoja.

Sifuri hiyo ilitoka mbali. Wahindi ndio walioanza kuandika tarakimu ambazo thamani yake hutegemea mahali ilipokaa, pamoja na alama ya mahali patupu. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad, aliandika kitabu juu yake katika karne ya 9. Waarabu waliita alama ile sifr, maana yake tupu, na kutoka kwao twasema sifuri. Ulaya ilichelewa. Kijana Leonardo wa Pisa alijifunza tarakimu hizi huku kwetu Afrika, katika mji wa Bugia ulio katika Algeria ya leo, ambako baba yake alikuwa akisimamia mambo ya wafanyabiashara wa kwao. Mwaka 1202 akaandika kitabu kuwafundisha watu wake. Hata hivyo mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kiliwakataza watu wake kuandika hesabu kwa tarakimu mpya, wakaambiwa waendelee na za Kirumi au waandike kwa maneno.

Hapo twaona udhaifu wa nambari za Kirumi. Jaribuni kujumlisha XLVII na XXXVIII kwa kalamu. Jibu ni LXXXV, lakini njia ya kulifikia yachosha, na kuzidisha kwachosha zaidi. Warumi wenyewe hawakuhesabu kwa herufi. Walihesabu kwa vijiwe juu ya ubao, kama mtu achezaye bao, kisha jibu ndilo walilolichora. Urefu wake nao hauna utaratibu: mwaka 1888, Abushiri alipoanza vita na Wajerumani kule Pwani, huandikwa MDCCCLXXXVIII, herufi kumi na tatu, mwaka 2000 ni MM tu.

Udhaifu mwingine ni kwamba zaongezwa upesi. II hugeuka III kwa mpigo mmoja wa kalamu, na V hugeuka VI. Makarani wa kale wa Ulaya, wakiandika sita au nane, walivuta mkia katika kijiti cha mwisho, kikawa kama j: vj, viij. Mkia ule ulionyesha mwisho wa nambari, na mtu akiongeza kijiti baada yake alionekana. Kwa hiyo sisi twashauri hivi. Katika stakabadhi za fedha, ada au mauzo ya ng'ombe, msitumie Kirumi hata kidogo. Andikeni kwa tarakimu za kawaida na kwa maneno. Katika tarehe, mkipenda kuuandika mwezi kwa Kirumi, vijiti viwe na paa na sakafu, yaani mstari mfupi juu na chini, ili kijiti cha pembeni kisidhaniwe kuwa doa la wino. Na mkijaza fomu kutoka katika cheti cha kale, somekeni mwezi kwa sauti mbele ya mtu wa pili.

Neno la saa ni fupi. Baadhi ya saa za ukutani zina nambari za Kirumi, na huenda mkaona IIII mahali pa IV; si kosa la fundi, ni desturi ya kale ya watengeneza saa. Kwa sisi tunaohesabu saa tangu jua kutoka, iko njia rahisi: msisome nambari ambayo mshale mfupi unaielekea, someni ile iliyo upande wa pili wa duara. Mshale ukiwa juu ya VII, upande wa pili ni I, nayo ni saa moja. Ukiwa juu ya IIII, upande wa pili ni X, saa kumi.

Watoto waliofika hapa wana kazi jioni ya leo. Someni miaka hii mitatu bila msaada: MCMLVII, Musoma ilipofanywa jimbo, MCMLXI, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, MCMLXIV, mwaka wa Muungano. Kisha tafuteni katika ule mfuko wa sandukuni vyeti vya baba na mama, na kila mwezi ulioandikwa kwa Kirumi uandikeni kwa jina lake katika karatasi ya pembeni, si juu ya cheti chenyewe.